Kasha Katikati Yetu

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiyohiyo nimemvunja mdogo wangu mkono. Naanza na hilo maana najijua, nikianza na mengine sitafika.

Tulikwenda kuchukua kasha la kompyuta. Mimi na Bwana Mdogo, ndivyo ninavyomwita tangu alipozaliwa ingawa sasa ana miaka kumi na tisa na ananizidi kimo, tumekuwa tukipanga tangu mwaka jana kujiundia kompyuta ya gemu, kipande kwa kipande, kwa sababu ile iliyokamilika dukani inataka mtu auze figo. Kasha ndilo lilikuwa la kwanza. La bati jeusi, lenye kioo ubavuni, kubwa kama kabati la viatu. Mzee Skrubu, anayeuza vipande vya kompyuta vilivyotumika, alituachia kwa bei ya kusikitisha, yaani ya kumsikitisha yeye. Nikaazima pikipiki ya mjomba. Mimi nikaendesha, Bwana Mdogo akakaa nyuma, kasha likawa katikati yetu, amelikumbatia kwa mikono miwili. Lilimfika puani. Hakuweza kuona mbele hata kidogo.

Simu ikalia mfukoni mwa jaketi langu. Nilijua ni Mzee Skrubu, maana alikuwa ameniahidi habari ya kadi ya picha aliyoniulizia kwa muuzaji mwenzake, ile inayochora gemu kwenye skrini. Bila kadi hiyo kompyuta yako ni ya kuchezea karata tu. Sikuweza kungoja. Nikaichomoa kwa mkono wa kushoto, nikasoma. Alikuwa ameandika, "Njoo, muuzaji amelegea." Nilipoinua macho kulikuwa na mkokoteni mbele yangu na lami imelowa. Nikabana breki ya mbele kwa nguvu zangu zote, jambo ambalo mjomba alinikataza siku ya kwanza kabisa aliponifundisha.

Mimi nilichubuka goti. Bwana Mdogo aliangukia kiganja cha kulia, mkono wa kushoto bado umelikumbatia kasha, na kasha likamwangukia yeye.

Hospitali baba alikuja na nguo zake za kazi, penseli bado iko sikioni. Akauliza, "Imekuwaje?" Nikafungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua. Bwana Mdogo akaniwahi.

"Ni mimi, baba. Kasha liliniponyoka, pikipiki ikayumba."

Anaamini hivyo. Nyuma ya lile kasha alichosikia yeye ni kitu kumsogea mikononi na dunia kupinduka, basi akadhani kimoja ndicho kilichozaa kingine. Baba akanitazama mimi. Nikasema, "Lami ilikuwa imelowa."

Si uongo. Ndiyo ubaya wake.

Jumapili, 3 Machi

Plasta imeanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Nitamwambia baba jioni, akishakula.

Sikusema.

Jumanne, 5 Machi

Lazima niandike juu ya baba, la sivyo jambo hili litaonekana dogo.

Baba ni fundi umeme. Anachechemea kwa sababu zamani, akiwa juu ya ngazi, msaidizi aliyeishika chini aliona nyigu akaiachia. Nyigu hakumuuma mtu. Tangu siku hiyo baba ana sheria moja, na hana nyingine: anayeachia alichoshika hashiki ngazi yake. Amewahi kumrudisha nyumbani kijana wa watu kwa sababu alidondosha mzunguko wa waya. Sisi tulikuwa tunacheka. Tukiangusha kijiko mezani, mama anasema, "Haya, umeshafukuzwa kazi."

Mvua zikiisha baba anaanza kazi kubwa, wayaringi ya jengo la maduka la ghorofa tatu. Mkandarasi anataka jina la fundi na la msaidizi mmoja, na huyo msaidizi ataandikishwa, atafundishwa, mwishoni atapewa cheti. Bwana Mdogo amekuwa akilisubiri jengo hilo tangu lilipokuwa shimo. Alimaliza shule akakataa kila kitu kingine. Anapita pale akihesabu madirisha.

Leo mezani baba amesema bila kuinua kichwa, "Nimefikiria. Nitamchukua Mrefu." Mrefu ni mtoto wa fundi cherehani jirani yetu, kijana mzuri, hana kosa lolote duniani.

Mama akasema, "Mkono utapona, baba watoto. Plasta itatoka kabla ya mvua kuisha."

"Sisemi mkono. Nasema kuachia. Kasha tupu lilimshinda, na aliyekuwa mbele yake ni dada yake mwenyewe. Juu ya ngazi nitakuwa mimi."

Bwana Mdogo akasema, "Sawa, baba." Akaendelea kula kwa mkono wa kushoto.

Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo, umbali wa bakuli la mboga.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Sikusema.

Jumapili, 10 Machi

Mjomba alikuja kuchukua pikipiki yake. Kioo kimoja kimevunjika na kanyagio limepinda. Mjomba si mtu wa makuu, alitazama akasema chuma hakilii. Lakini Bwana Mdogo akamwendea pale uani, akamwomba radhi kama mtu mzima, na akasema kwa kuwa hana cha kumlipa, atakuwa anaiosha pikipiki kila Jumapili mpaka jengo la baba litakapoisha. Mjomba akacheka. Bwana Mdogo hakucheka. Akachukua ndoo, akafunga mfuko wa plastiki juu ya plasta, akaanza na magurudumu.

Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni. Alipomaliza alikuja kwangu.

"Dada, nawe nisamehe. Goti lako linaendeleaje?"

"Limepona. Yameisha hayo."

Nilisema hivyo. Yameisha hayo. Tena kwa sauti ya upole, sauti ya mtu mwema.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeamua: kompyuta itakuwa yake peke yake. Si yetu tena, yake. Mshahara wangu wa duka la fotokopi utakwenda huko, na nitaahirisha viatu, saluni na kila kinachoahirishika. Sijamwambia. Nikifikiria siku nitakayomkabidhi naona moyo unapungua uzito kidogo, kisha nafikiria ni kwa nini unapungua, unarudi palepale.

Jumamosi, 16 Machi

Kwa Mzee Skrubu, wote wawili, kwa miguu. Banda lake limejaa mpaka mlangoni, mama bodi, vile vibao vinavyobeba vipande vyote vya ndani, zimepangwa kama vitabu, feni zimening'inia darini. Huyu mzee hakuuzii kipande mpaka umwambie kitakwenda kuishi na nani. Anakaa juu ya kreti, anaanza kuulizia ukoo.

"Prosesa hii unampeleka kwenye bodi ipi?"

Bwana Mdogo akamtajia. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, basi mimi nilitaka nyingine, ile ya rafu ya juu, mpya zaidi.

"Hiyo haimkai bodi hiyo, dada," Bwana Mdogo akasema. "Miguu yake haiingii kwenye matundu."

"Msikilize mwenzako," akasema Mzee Skrubu. "Wewe unataka kumwoza mtoto wa watu kwa sura. Huyu anauliza tabia."

Tukacheka wote watatu. Nilicheka kweli, kwa muda nikasahau. Halafu Mzee Skrubu akaiona plasta, akauliza imekuwaje, na Bwana Mdogo akamweleza: kasha liliniponyoka. Siku hizi anaisimulia vizuri sana. Ameshaongeza hata namna lilivyoteleza.

Mzee Skrubu akanigeukia. "Ndiyo siku ile niliyokuandikia habari ya kadi? Hukunijibu, nikashangaa."

Nikasema nilikuwa njiani. Nikainama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Jumanne, 19 Machi

Mvua mchana kutwa. Wateja watatu, wote wa picha za pasipoti. Sikusema.

Jumamosi, 23 Machi

Leo ameniokoa. Nilikuwa nimepata pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kwa muuzaji wa barabarani. Kimefungwa kwenye boksi linalong'aa, na bei nusu. Nilishatoa pochi. Bwana Mdogo akakipokea kwa mkono wa kushoto, akakipandisha na kukishusha kama mama anavyopima nyanya.

"Chepesi," akasema. "Ndani hamna kitu. Chenye vifaa vya kutosha kinakuwa kizito. Hiki kitaunguza kila tulichonunua."

Muuzaji akapandwa na hasira, akasema sisi ni watoto. Tukaondoka.

Njiani nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema kwa baba, alipokuwa mdogo. Baba alikuwa anampa swichi mbili kiganjani, anamwambia afumbe macho, aseme ipi ni feki. Huyo ndiye mtu ambaye baba amemwona hafai kushika ngazi. Nami natembea naye bega kwa bega, namfunika mwavuli.

Jumatano, 27 Machi

Mama kaniuliza, "Mbona siku hizi una ukarimu wa mgeni? Unaosha vyombo, unaleta matunda, unamnunulia mwenzako hiki na kile. Au umepata mchumba, unataka kutuaga?"

Nikamwambia ni huruma tu, kwa ajili ya mkono.

"Huruma ni nzuri," akasema mama. "Lakini umwambie awe makini, wewe anakusikiliza. Mimi kila siku namwambia, mwanangu, shika vitu kwa makini."

Ijumaa, 5 Aprili

Kadi ya picha imenunuliwa. Ileile. Ilikuwa bado iko kwa yule muuzaji, hakuna aliyeitaka. Mwezi mzima imekaa kwenye rafu na vumbi lake. Kumbe ningeweza kuusoma ujumbe ule nyumbani, nikiwa nimekaa, nikinywa chai.

Jumapili, 7 Aprili

Mjomba kaja na pikipiki kama kila Jumapili, Bwana Mdogo anaiosha uani. Mjomba anamwambia inatosha, inang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani. Anasema bado.

Nilikwenda chumbani kwa baba nikiwa na nia kabisa. Alikuwa anajichua mguu, mvua humwamshia ule mguu. Akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Akaanza kunieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba si kwamba hampendi kijana.

"Unadhani napenda kumpandisha Mrefu, nimwache wangu? Watu wananiuliza. Sina la kuwajibu. Lakini naogopa, mwanangu. Nikianguka mara ya pili siinuki. Na akiwa yeye ndiye ameniachia, atabeba hilo maisha yake yote. Bora anichukie kwa hili dogo."

Siku zote nimedhani baba ni mkali. Baba anaogopa tu, kama sisi wengine, ila yeye ana ngazi. Nikambandikia kitambaa cha moto mguuni, nikatoka. Sikusema. Hii ndiyo ninayoionea haya kuliko zote, maana alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe.

Ijumaa, 12 Aprili

Plasta imetoka. Mkono umekuwa mwembamba, ngozi imepauka, vidole vinatetemeka akishika kikombe. Daktari amesema avifanyishe mazoezi. Bwana Mdogo akauliza kama vitaweza kushika bisibisi. Daktari akasema taratibu, taratibu.

Akaniambia njiani, "Hata hivyo haina haraka. Baba ameshapata mtu."

Jumatano, 17 Aprili

Radi. Umeme umekatika mtaa mzima, baba ametoka na Mrefu kwenda kusaidia watu. Bwana Mdogo aliwashikia mlango wapitishe ngazi.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo tumeiunga. Mama aliondoa kitambaa mezani sebuleni, akatuambia tusimchafulie, kisha mwenyewe akaleta kiti akae kutazama.

Tuligawana. Yeye akaweka prosesa, ramu, yaani kumbukumbu, na kadi, maana ndiye anayejua. Mimi nikachukua nyaya, kwa sababu zinataka vidole vya nguvu na vyake bado havijakaa sawa. Alipokuwa anashusha prosesa mahali pake kidole kilimtetemeka, akasimama, akavuta pumzi, akaishusha. Ikakaa. Mama akapiga kofi moja.

Tukabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa ikawaka ndani ya kioo, skrini ikabaki nyeusi. Tukazima, tukawasha. Nyeusi. Mara ya tatu, nyeusi.

"Ni mimi," akasema Bwana Mdogo. Hakuwa hata ametazama. "Ni kile kidole. Nimeivunja miguu yake."

"Hebu tuangalie kwanza," nikasema.

"Hakuna cha kuangalia, dada. Nilisikia mwenyewe ikigusa."

Baba alikuwa anapita kwenda uani. Akachungulia, akaona sura zetu, akauliza, "Ameshika nini tena huyu?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa uchovu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Bwana Mdogo akaweka bisibisi mezani, akavaa koti, akasema anakwenda kwa Mzee Skrubu kumpa simu yake kama atakubali kubadilishana na prosesa nyingine. Mama akamwambia mvua kubwa. Akaenda.

Mama naye akaenda jikoni. Nikabaki peke yangu na lile kasha. Nikaanza kufuata nyaya zangu mojamoja, kama baba anavyofanya, kutoka chanzo hadi mwisho. Juu kabisa kwenye kona, nyuma ya feni, kuna tundu dogo la umeme wa prosesa yenyewe. Lilikuwa tupu. Waya wake nilikuwa nimeupitisha nyuma ya bodi nikausahau hukohuko. Nikauchomeka. Nikabonyeza swichi. Skrini ikawaka maandishi meupe, yamepangika vizuri, kila kipande kinataja jina lake.

Nikakaa mbele yake na sikufurahi.

Alirudi maji yanamchuruzika. Mzee Skrubu alikuwa amefunga. Nikamwonyesha skrini, nikamwambia, "Ulikuwa waya wangu. Wewe huna kosa lolote."

"Kweli? Hunifichi kitu?"

"Kweli."

Akacheka, akajifuta uso. Kisha akasema, bila uchungu wowote, akitazama zile herufi, "Nilishajua ni mimi. Siku hizi kila kitu ni mimi."

Nilidhani nimemvunja mkono tu. Mkono daktari ameshauunga. Hiki kingine nimekuwa nikikivunja kila siku, polepole, kwa kukaa kimya, na yeye ananishukuru.

Sikusema. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, neno lilikuwa limeshaanza, "Ulikuwa waya wangu," ningeongeza sentensi moja tu. Sikuongeza.

Jumapili, 21 Aprili

Baba amesema kesho anapeleka majina kwa mkandarasi. Bwana Mdogo ameosha pikipiki.

Jumatatu, 22 Aprili

Sikwenda kazini. Nilimfuata baba kwenye nyumba anayoimalizia, karibu na mnada. Alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimeingia darini. Mrefu ameishika chini kwa mikono miwili.

"Baba, naomba ushuke."

"Sema, nasikia."

"Siwezi kusema ukiwa huko."

Akashuka. Anashuka kwa mguu mzima kwanza, kisha ule mwingine, kila kidato. Sijawahi kuona ngazi ndefu kama ile. Akamtuma Mrefu akalete mkanda wa waya, akanitazama.

Nikasema. Nimelirudia jambo hili kichwani tangu mvua ya kwanza, na nilikuwa na maneno mazuri, yote yakanikimbia. Nilisema, "Kasha halikumponyoka. Nilikuwa nasoma simu. Niliona mkokoteni nimeshachelewa, nikabana breki ya mbele. Yeye alilishika mpaka chini, baba. Alianguka nalo. Hakuliachia."

Baba alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa hadi kwenye ndoo ya saruji.

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Sasa mbona umekuja kwangu?"

"Kwa sababu leo unapeleka majina."

"Umekosea mlango, mwanangu," akasema. "Mkono si wangu." Nilingoja anigombeze. Ningefurahi angenigombeza. Akawa anaikunja ngazi. "Nenda nyumbani. Mimi pia nina mlango wa kubisha hodi, lakini tangulia wewe."

Bwana Mdogo alikuwa mbele ya kompyuta, anaendesha gari kwenye gemu, anafanyisha vidole mazoezi kama alivyoambiwa. Nikamwomba aisimamishe. Nikasimama, maana niliona kukaa ni kujipendelea. Nikamwambia yote, tangu simu ilipolia.

Kwanza hakukasirika. Aliuliza maswali ya kifundi.

"Simu ilikuwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Kwa hiyo usukani ulikuwa na mkono mmoja."

"Ndiyo."

"Na mimi nilihisi kuvutwa mbele kabla ya kasha kusogea. Nilikuwa nikijiuliza ile ilikuwa nini." Alikuwa anafuata waya. Nilimwona akifuata, kutoka siku ile, kupita mezani kwa baba, kupita uani kwenye ndoo, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Jumapili zote zile ulikuwa dirishani."

"Ndiyo."

"Kuanguka sikulaumu, dada. Kila mtu anaanguka. Hata kunyamaza hospitali, labda uliogopa, sawa." Sauti yake ikabadilika hapo, ikawa nyembamba. "Lakini mimi nilikuomba msamaha. Nilikuja kwako nikakuomba. Na wewe ukanisamehe."

Akasimama, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa mkono wa kulia.

Baba alirudi mchana na nguo zimelowa. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango ule, na nyumba ni yake mwenyewe, akasimama akapiga hodi. Akapiga tena. Alipofunguliwa akaingia, na sikusikia walichosema. Alipotoka alichukua karatasi ya mkandarasi juu ya kabati, akafuta, akaandika.

Jumanne, 23 Aprili

Mama hajanipigia kelele. Amesema tu, akichambua mchele, "Nilikuwa namwambia awe makini. Kila siku ya Mungu. Umeniacha nikamwambia." Kisha akaondoka na ungo wake, akaenda kuchambulia nje.

Jumapili, 28 Aprili

Nilichukua ndoo na kitambaa nikaenda kwa mjomba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nilipoinama kuanza na magurudumu akaninyang'anya ndoo.

"Acha kuosha. Kaa hapo kwanza nikukasirikie."

Nikakaa. Alinikasirikia kwa muda mrefu na kwa utaratibu. Aliniambia nimemfanya akae kwenye kiti akitazama mtoto asiye na kosa akimwoshea chombo kwa mkono mmoja, tena alikuwa anamwonyesha sehemu alizoziruka. Alipochoka akanipa ndoo, akasema sasa unaweza kuosha.

Jumatano, 1 Mei

Baba amekwenda kwa fundi cherehani kumweleza habari ya Mrefu. Mrefu naye amepata nafasi ya kubeba vifaa, bila cheti mwaka huu. Mrefu akinipita barabarani ananiamkia kama kawaida. Naye nimemkosea, na hakuna aliyenikumbusha.

Jumatatu, 6 Mei

Bwana Mdogo ananijibu nikimsemesha. Ndiyo, hapana, ahsante. Kompyuta iko mezani sebuleni, mama ameifunika kitambaa. Hakuna anayeicheza.

Ijumaa, 10 Mei

Jua siku nzima. Nguo zimekauka.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua zimekwisha, leo wameanza jengo. Niliamka mapema nikapika chai. Bwana Mdogo alikuwa amekaa kizingitini anavaa buti za baba za zamani, anafunga kamba. Kile kidole bado kinatetemeka kidogo lakini fundo lilikuwa zuri.

Nikamwambia nililokuwa nimelikusanya tangu Machi. "Ile kompyuta ni yako. Si yetu. Nimeinunua kwa ajili yako, kila kipande. Ihamishie chumbani kwako."

"Najua," akasema. "Niliona ulivyokuwa unanunua."

"Basi ichukue."

"Hapana."

Nikauliza kwa nini. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kama anavyotazama kitu anachokipima uzito.

"Nikiichukua utapata usingizi, dada. Mimi bado sijataka uupate."

Akamaliza chai yake, akarudisha kikombe jikoni mwenyewe. Baba alikuwa nje amesimama na ngazi. Bwana Mdogo akabeba ncha ya nyuma begani, baba ncha ya mbele, wakatoka hivyo mpaka barabarani.